Hatua za Jashon

Setilaiti iliupiga picha uwanja saa sita mchana,
kivuli cha kila mti kimejikunja shinani
kama mbwa aliyechoka.
Kazi niliyopewa na klabu ni kuzifuata kingo kwa kidole:
hapa nyasi fupi, bofya; hapa mchanga, bofya;
hapa ziwa, ambalo halikubali kuwa mstari,
bofya, bofya, futa, bofya tena.
Mashimo tisa, elfu nane kwa shimo,
nusu mkononi, nusu Karani Shiundu akirudi kutoka Busia.

Niko Migosi, kwenye kochi, tarakilishi inanichoma mapaja.
Kando yangu madaftari sita ya marehemu Baba,
yale ya jalada la buluu, jedwali la kuzidisha nyuma.
Bado yananuka mafuta ya taa.

Jashon Oguta alibeba fimbo za watu miaka thelathini na minne
na hakuwa na cha kupimia ila miguu.
Aliandika:
"Mti wa siala mpaka ukingo wa grini ya pili, hatua 143.
Upepo wa ziwa ukiamka, mpe fimbo ndefu zaidi.
Daktari Pandya husahau pigo lake la tatu. Nyamaza."
Na mahali pengine:
"Mpira ndani ya unyayo wa kiboko. Inua mpira.
Kiboko muache alipo."

Programu inauliza: mita au yadi?
Natafuta kwenye orodha hatua za Jashon. Hazipo.
Basi naigusa siala kwa mshale, bado imesimama,
nauvuta uzi mwekundu mpaka ukingoni:
mita mia moja na tisa.
Nagawanya. Sentimita sabini na sita.
Kumbe huo ndio urefu wa hatua ya baba yangu
mwaka wa tisini na moja,
mimi nikiwa mgongoni kwa Mama.

Kwa kipimo hicho nikaendelea,
picha ikisema, daftari likiitikia,
mpaka daftari la tano:
"Siala mpaka ukingo wa grini ya pili, hatua 151."
Nikadhani kalamu imeteleza.
La sita, mwandiko umelala upande:
"Hatua 178."

Nikaikuza picha hadi ikawa vipande vya rangi.
Siala haijahama. Ukingo haujasogea hata unyasi mmoja.
Nikagawanya tena.
Sitini na moja.

Hakutuambia kuhusu goti.
Alikuwa akiingia jioni, anavua viatu polepole, anasema,
"Siku hizi wameupanua ule uwanja,"
nasi tunacheka, tunamsogezea chai.

Ukiligeuza daftari, kuanzia nyuma kuja mbele,
ziko Jumatatu zake, siku ya makedi,
fimbo tatu za kuazima, raundi mia mbili na kumi na moja,
kila pigo limeandikwa, hata yale ya aibu.
Hili programu inalipenda. Ina vijumba vyake: jina, tarehe, mapigo.
Naingiza moja moja, na mistari myembamba inachipuka juu ya nyasi,
inapinda kulia, daima kulia,
kama mtu anayeelekea nyumbani bila kujijua.

Shimo la sita, Jumatatu moja ya mvua: pigo 1.
Chini yake: "Aliyeona: kiboko."
Programu inadai shahidi. Naandika Kiboko.
Inakataa, inataka majina mawili.
Naandika Kiboko Oguta.
Inakubali. Haya, tumeongeza ndugu.

Saa nane usiku Shiundu ananiandikia: umefika wapi?
Namjibu, shimo la pili.
Anashangaa, juzi nilimwambia la tisa.

Siala mpaka ukingo, mita 109.
Hiyo ndiyo klabu itakayoilipia, na ni kweli.
Lakini chini kuna nafasi ya maelezo, ndogo, ya hiari,
nami nimeijaza:
Jihadharini na hili.
Kila mwaka linasogea mbali kidogo.